Gari Ambalo Halijawahi Kutembea Tupu

Kabugho mama, binti yangu,

Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza kwa salamu, kisha kuuliza hali, kisha "ama mimi huku sijambo". Lakini mimi na wewe tumekunywa chai pamoja asubuhi ya leo, na ulisukuma kopo la sukari mbali na mkono wangu bila kunitazama, kwa hiyo hali yako naijua na yangu unaijua. Salamu naziruka. Mwalimu wangu wa Butembo, kule ng'ambo ya mpaka, angenichapa kwa hilo, ila alikwisha kunichapa vya kutosha kabla sijaacha darasa la tano, na nadhani siku niliyoondoka alikwenda kanisani kushukuru.

Sasa hivi uko Karambi kwa shangazi yako, unaagwa. Mama yako yuko jikoni anafunga vitu ambavyo hata Karamoja vipo, lakini hataki kusikia. Mimi nimekaa barazani na kalamu, jua bado lipo, kwa sababu kuna jambo nikilisema kwa mdomo nitaligeuza kuwa utani katikati ya njia, wewe utacheka ama utanuna, na jambo lenyewe litapotea.

Jambo ni gari. Kesho unakwenda Moroto, huko huko Karamoja. Wale wachimba visima wamekutaka wewe pamoja na gari, na bila gari hawana kazi ya kukupa. Wewe umesema mbele ya mama yako kwamba gari linalotetemeka namna ile hulipeleki huko, heri ukose kazi kuliko uvunje shingo. Mimi nimesema mbele ya nusu ya Bwera kwamba gari langu halina ugonjwa wowote, na kwamba hakuna fundi atakayegusa kimo chake mimi nikiwa hai. Tangu hapo tunasalimiana kama watu wa forodha. Lazima mmoja wetu arudi nyuma kabla ya kesho asubuhi.

Mambo ya dawa ya malaria, ya kufunga mlango, ya kutokula vitu vya njiani, mama yako ameyasema na atayasema tena ukiwa umeshawasha injini. Mimi naongeza moja tu: afande akisema simama, simama kwanza, hoja zako zifuate baadaye. Basi. Nimemaliza mawaidha.

Sasa nikueleze jinsi gari lilivyokuwa refu, maana nimekudanganya tangu utotoni.

Nilikuwa nasema nililiinua kwa ajili ya mto. Ni kweli mto ulikuwepo, na daraja la huko juu lilikuwa magogo mawili na imani ya kila mtu. Lakini mto ule ulihitaji gari lipande kiasi cha kiganja. Mimi nilipandisha kiasi cha mkono mzima. Sababu ni jamaa mmoja wa Beni aliyekuwa akija soko la Mpondwe na gari refu, anakaa huko juu anatupa salamu kama askofu, nasi wengine tunainua shingo kumjibu. Mungu aliponiumba alibana udongo, unaniona mwenyewe. Nikasema na mimi nitakaa juu siku moja. Nikatafuta springi ndefu za lori, nikachomelea vipande vya chuma chini yake, nikanunua tairi za mpira mkubwa ambazo hata trekta lingezionea haya. Mama yako siku ya kwanza alizunguka gari lote akauliza mlango uko ghorofa ya ngapi. Tangu siku hiyo nilikuwa nabeba kreti tupu ya bia ili akanyage apande. Watu wa Mpondwe walisimama kutazama. Yeye alikuwa anapanda polepole makusudi, amejifunga kitenge cha kanisani, na mimi nimeshika kreti kama mhudumu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya ndoa. Siku ya ndoa viatu vilinibana.

Unakumbuka safari zenyewe? Kahawa kutoka Karambi kushuka Bwera, chumvi kutoka Katwe kurudi nayo, ndizi kwenda mpakani, maharagwe kutoka mpakani. Ulikuwa unalala juu ya magunia nyuma, uso wako ukiamka una alama za kamba. Ulikuwa ukinuka kahawa mbichi hadi masista wa shule wakauliza kama tunakulaza ghalani. Nilikuwa nakutazama kwenye kioo, mdomo wazi, mguu mmoja juu ya gunia la mtu, na gari lilikwenda limetulia kama mtu aliyeshiba. Kwa miaka yote hiyo sikuhisi usukani ukicheza hata kidogo. Ndiyo maana ulipokuja na habari zako sikukuamini.

Ulirudi kutoka Kasese kuchukua leseni, peke yako, ukaliegesha pale stendi ya bodaboda ukashuka. Ukaniambia, "Papa, gari yako iko inatetemeka. Nikifika themanini, usukani inaruka mikononi kama kuku."

Nami, na wale vijana wa bodaboda wamekaa pale wanasikiliza, nikakujibu, "Gari haitetemeke. Mikono yako njo inatetemeka. Imezoea kubonyeza simu."

Wakacheka. Wewe hukucheka. Kesho yake nikapakia magunia, nikashuka nalo hadi Kisinga na kurudi, likaenda kama limepakwa mafuta. Nikapita stendi nikipiga honi. Ningekuwa wewe ningeniwekea chumvi kwenye chai.

Lakini wewe ulivaa ovaroli ukaingia chini ya gari. Hapo ndipo nilipoanza kukutazama kwa jicho jingine, ingawa mdomo wangu uliendelea na kazi yake. Nataka nikukumbushe ulivyofanya, maana huko uendako utakuwa peke yako na hakuna wa kukukumbusha.

Ulianza na tairi. Ulizipitishia kiganja, mbele ukaenda, nyuma ukarudi, ukasema hii ya kushoto ina mabonde na milima. Halafu ukachungulia ndani ya rimu ukakuta udongo wa Karambi umekauka humo upande mmoja, mgumu kama tofali. Nilisema udongo haujawahi kumuua mtu. Ulinijibu nikitaka nijifunge tofali kwenye mguu mmoja nikimbie. Ulipoutoa, mtetemo ulipungua. Kisha ukavua ile tairi ya kulia na kukuta kiraka changu, kile kipande cha tairi nyingine nilichokishonea ndani kwa uzi wa nailoni pale ilipokuwa imepasuka. Nilikuwa najivunia kiraka kile. Ulikiinua kwa vidole viwili kama soksi ya mtu aliyekufa, ukauliza gurudumu litazungukaje sawasawa likiwa na mimba. Mama yako alicheka hadi akakaa chini.

Ukahamisha tairi za mbele nyuma, za nyuma mbele, ukaenda tena barabarani. Ulinieleza kwamba kama ugonjwa uko kwenye tairi utahama nazo, utauhisi kwenye kiti badala ya mikononi. Haukuhama. Ulibaki mikononi. Basi si tairi peke yake.

Ukaniweka mimi kwenye usukani, injini inaunguruma, ukaniamuru niuchezeshe kushoto kulia, kidogo kidogo, bila kuacha, na wewe umelala chini unashika kila kiungo kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Nilichoka. Nilitamani kuimba. Ulikuwa unasikiliza kwa vidole. Ukapata kwamba ule mkono mrefu wa chuma unaozuia ekseli isiende kushoto na kulia, bushi yake, ule mpira wa kwenye kiungo, imekwisha kabisa, boliti inacheza ndani ya tundu. Ukabadilisha. Ukapandisha gari kwenye jeki, ukashika gurudumu juu na chini ukalitikisa, ukakaza beringi. Ukaenda tena barabarani ukiwa tupu.

Ukarudi. Nilijua kwa namna ulivyofunga mlango kwamba bado linatetemeka.

Hapo mimi, daktari mkuu, nikatoa dawa yangu. Nikasema tuongeze shokapu ya pili kwenye usukani, nene, kama ya lori, mtetemo utasikika kwa jirani tu. Wewe ukaniambia neno ambalo nimelala nalo: "Papa, hiyo ni kumufunga mugonjwa kitambaa kwa kinywa asilalamike."

Kisha ukasema ugonjwa ni kimo. Gari lishushwe. Nami nikapiga kelele zangu za "nikiwa hai". Nakumbuka nilivyopiga kelele, mikono juu, mbele ya majirani, na nakumbuka nikiwa katikati ya kelele nikafikiri, huyu mtoto anasema kweli. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mimi nikianza kelele lazima nifike mwisho, kama mtu anayepiga chafya.

Hivyo ndivyo nilivyo, Kabugho. Kitu kikinitikisa, nakaza mikono. Nilikaza ulipotaka kwenda kusoma ufundi badala ya ualimu. Nilikaza mama yako alipotaka tuhame karibu na barabara. Mara nyingi nilishinda, na mara nyingi nilikuwa nimekosea, na watu wa nyumba hii walinyamaza wakasubiri nichoke. Ninyi mmenisubiri sana.

Aliyenimaliza ni mama yako. Juzi jioni anachambua maharagwe, mimi nabwata kwamba miaka yote nimeendesha gari hili na halijanitetemekea. Hakuinua hata uso. "Weye hujaiendesha tupu hata siku moja," akasema. "Hata ukienda misa unabeba ndizi."

Nikatafuta siku moja tu niliyowahi kutembea tupu. Sikuipata. Mchuuzi akitembea na gari tupu anajisikia kama amesahau kuvaa suruali. Kama hakuna kahawa nabeba mawe ya mtu, kama hakuna mawe nabeba kwaya ya kanisa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuliendesha likiwa halina kitu mgongoni, na nilikuita mwenye mikono mibovu.

Kwa hiyo jana niliposema naenda Kisinga hospitali kumwona mgonjwa, nilidanganya. Nilitoa kila kitu nyuma, hata jembe, hata ile kreti ya bia, nikaenda barabara ya Kasese peke yangu.

Mpaka sabini nilikuwa napiga mluzi. Pale kwenye tambarare ya mbuga barabara inaponyooka, nikakanyaga. Themanini. Kukawa na shimo dogo, si shimo la kutaja, na gurudumu la mbele likaligusa. Mama yangu! Usukani ulinichukua mikono ukaanza kuitikisa kama mtu anayenidai jibu. Kioo, mlango, meno, kila kitu kilikuwa kinaongea. Nikafanya nini? Nikakaza. Nilivyokaza ndivyo gari lilivyozidi, likaanza kwenda ukingoni, upande wa nyani wanaokaa kando ya barabara. Nikakumbuka ulivyosema kwamba unaachia mafuta, hukanyagi breki kwa nguvu, unashika tu kwa upole na kuliacha lipunguze lenyewe. Nikaachia. Likatetemeka, likatetemeka, likachoka. Nikasimama pembeni.

Nyani mmoja mkubwa alikaa kwenye ukingo wa lami ananitazama. Alikuwa na uso wa yule jamaa wa Beni. Nikamwambia ndiyo, umeona.

Nilikaa pale muda. Nilikuwa nawaza kwamba wewe ulipata hili si mara moja, uliporudi kutoka Kasese na kila ulipokwenda kujaribu, peke yako, kisha ukarudi nyumbani ukakuta baba anawachekesha bodaboda. Na bado ulivaa ovaroli.

Nikaenda polepole hadi kwa Fundi Bwambale pale Kasese, yule mwenye sikio moja lililokunjika. Alilala chini ya gari, akatoka, akafuta mikono, akaniuliza, "Muzee, hapa ulipandisha gari ao ulipandisha roho yako?" Nikamwambia afanye kazi, asihubiri. Lakini alinieleza, na alinieleza kwa baiskeli, ndipo nikaelewa. Uma wa mbele wa baiskeli umelala kidogo kuelekea kwa mpandaji, si ndiyo? Kwa hiyo gurudumu linajifuata lenyewe, na kijana mjinga anaweza kuachia mikono mbele ya wasichana. Uma ukisimama wima, gurudumu halijui liende wapi, linatapatapa. Nilipoinua gari, ile mikono inayoshika ekseli ya mbele iliinama, ekseli ikageuka kidogo, uma wangu ukasimama wima. Nikipakia magunia, mkia unakaa chini, pua inapanda, uma unalala tena, gari linatulia. Ndiyo siri yote. Miaka yote hiyo kahawa ya watu ndiyo iliyokuwa inaniendeshea gari.

Fundi alipotoa mfano wa baiskeli nilimkumbuka baba yangu. Sijawahi kukusimulia siku niliyotoka kwetu. Nilikuwa na baiskeli, mashati mawili, na mdomo huu. Nilitegemea baraka, mkono kichwani, maneno mazito, maana baba alikuwa mtu wa kanisa. Badala yake aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akainamisha sikio. Akashika uma akausukuma mbele na nyuma kuona kama unacheza. Akakaza nati moja. Akasema, "Iko muzuri. Kwenda." Akaingia ndani. Nilikanyaga hadi mpakani nikiwa na hasira, nikisema mzee gani huyu ana ubahili hata wa maneno. Hasira hiyo niliibeba miaka mingi. Niliiweka chini jana, pale kwa fundi, nilipojikuta nimeinama nashika gurudumu lako na kulitikisa, naye Bwambale ananiambia niondoe kichwa changu kwenye mwanga.

Jana jioni nilirudi kwa bodaboda nikakuambia gari nimemwazima katekista abebe saruji ya kanisa. Uliniangalia kwa macho ambayo nisingependa kuyaona tena. Ndiyo sababu ya ile sukari, na nilistahili. Lakini ningekuambia ukweli ungekuja Kasese kusimamia, na nilitaka kazi hii niifanye mimi, niliyeliharibu.

Leo ulipoondoka kwenda Karambi nilikwenda kulichukua. Utaliona ukiingia uani, liko karibu na tangi la maji, usidhani ni la mgeni. Springi za lori zimetoka. Bwambale ameweka bushi ambazo matundu yake hayako katikati, zimeirudisha ekseli nyuma inavyotakiwa. Tairi zile kubwa zingesugua bodi, nimeziacha kwake. Hizi ulizonazo ni za kiasi, zote ni za aina moja, hakuna hata moja yenye mimba. Magurudumu yamebalansiwa, uzito sawa kila upande. Kila baada ya matope, safisha ndani ya rimu kabla hayajakauka. Baada ya siku za kwanza za barabara mbovu kaza boliti zote tena, maana vitu vipya hulegea vikikaa mahali pake. Kidole chako kwenye tairi, sikio lako kwenye bushi, mimi sina la kukufundisha hapo.

Nilipopita stendi, wale vijana waligeuza vichwa. Halafu mmoja akasema, "Muzee, gari imekuwa mufupi. Sasa inakuenea." Nikawaambia wote kwamba mikono ya Kabugho haikuwa na ubaya wowote, ubaya ulikuwa wangu. Walitegemea utani ufuate. Nikakaa kimya hadi wakaelewa kwamba hakuna utani. Ilikuwa vigumu, mama. Nilikuwa nao mzuri kabisa mdomoni.

Mama yako alitoka jikoni, akaufungua mlango wa gari, akaingia akakaa bila kukanyaga kitu. Akakaa tu pale ndani, mikono mapajani. Nikamuuliza vipi. Akasema ni gari zuri. Kisha akasema kule juu kulikuwa na upepo.

Sasa nikuambie la mwisho. Nilikuwa nimepanga kesho nikusindikize hadi Kasese, nikae kule nyuma niwe gunia, gari litulie. Koti nilikuwa nimelitoa sandukuni. Mama yako alisema uzito wangu hautoshi, lakini nilikuwa na nia ya kubeba mawe.

Leo nikirudi nalo, tupu kabisa, nilifika tena kwenye ile tambarare. Nikakanyaga hadi themanini, nikapita. Shimo lile lile nikalitafuta nikaligonga makusudi. Nikaachia usukani kwa mkono mmoja, kisha kwa wa pili, kidogo tu. Gari likaenda moja kwa moja kama linajua njia. Nitakuambia ukweli, nilitamani litetemeke. Si sana, kiasi cha kuhitaji mzee mmoja nyuma. Halikutetemeka.

Kwa hiyo kesho sipandi. Koti nimelirudisha. Nitasimama getini na mama yako, na usiposikia maneno kutoka kwangu, ujue nimelishika gurudumu kila upande na limekaza. Ukifika kwenye lami, unaweza kutoa mkono mmoja nje utupungie. Sasa linaruhusu.

Papa yako